Nusu ya Jawabu la Maalim

Rajabu 2, mwaka wa 1374

Kwa jina la Mngu, kisha kwa mkono wangu mwenyewe. Mimi ni Gharib bin Yunusi, mchoma chokaa wa Shela. Jana barazani Kamaludin mwashi alisema mchoma chokaa hawezi kuandika mistari mitatu isiyokuwa ya magunia. Mimi nimesoma chuo cha Kurani mwaka mzima kabla baba hajanitia tanuuni, na herufi zote nazijua isipokuwa zile zinazofanana. Basi nitaandika mpaka mvua za masika zipite, kisha nitamsomea, atie kidole kinwani.

Na hili liandikwe kwanza. Nusu ya nyumba za Amu ni nyeupe kwa moto wangu.

Rajabu 4

Mawe ya tanuu yameletwa kutoka Manda. Jua kali. Nana hakulala tena.

Rajabu 7

Nana ni mke wangu. Watoto tulipata watano, Mngu katuachia Alawiya peke yake, na yeye ameolewa Amu. Ada yake ya mwezi, Nana, ilikatika mwaka juzi. Sasa ana joto. Lampanda kutoka kifuani hata usoni, awa mwekundu kama jiwe tanuuni siku ya pili. Ajimwagia mai. Mara atetemeka, ajifunika leso mbili. Moto naujua mimi kuliko mtu yeyote kisiwani, nikamwambia ni pilipili.

"Pilipili nala tangu nimeota meno, Bwana Gharib," asema. "Haikunipiga siku zote hizo, inipige yeo?"

Nikaamrisha ukwaju na mai ya baridi. Atakunywa.

Rajabu 9

Ukwaju haukufaa kitu. Ni wa dukani, si mzuri.

Rajabu 15

Nilisema wali umelainika. Nalisema kwa upole. Akanitizama, akabeba sufuria, akautupa wali wote uani. Kuku walikula vyema yeo. Kisha akakaa jikoni akalia, na nilipomuuliza alilia nini akasema hajui, ndilo linalomliza.

Miaka yote hiyo hajanitupia hata kijiko.

Rajabu 21

Alawiya amekuja kututizama. Alipomuona mamake anajipepea na kipande cha mkeka, akanigeukia.

"Baba, mpeleke hospitali. Daktari wa Amu yuatizama wanawake. Hata wake wa masharifu wanakwenda."

"Ni mwanamume?"

"Ni mwanamume. Lakini yupo Bi Hindu, mkunga, akaa papo hapo."

Nikamwambia mwanamume hajapata kuona hata miguu ya mamako, ila mimi.

"Miguu haiumwi," Nana akasema, akacheka. Akamwambia Alawiya kuwa nyanyake, mamake Nana, alikuwa vivyo hivyo, akilala mlangoni kwa joto, kisha akapoa, akaishi mpaka akachoka mwenyewe. "Ni umri, mwanangu. Niacheni."

Basi ikaisha. Hospitali si mbali. Ukitoka alfajiri ukifuata ufuko, wafika kabla mtanga haujachoma nyayo. Lakini asiye mgonjwa aifuate nini?

Rajabu 28

Tanuu limepangwa. Hakuna awezaye kupanga vile, kuni za mkoko tini, mawe juu, kama mkate na samli. Kamaludin asema nisiwashe, mvua zi karibu. Kamaludin ajua kupaka chokaa, hajui inakotoka.

Shaabani 11

Yeo sijui niandikeje.

Nalikuwa nanawa mikono baada ya chakula cha asubuhi. Nana alikuwa akinimiminia. Akasema, polepole, kama mtu atajaye jina la marehemu, "Gharib, ile ada imerudi."

Nikakaa kitako. Mai yakaendelea kumiminika mpaka birika likaisha.

Nimeandika mato yangu yamejaa, sioni haya. Mtu wa umri wangu. Nimezika watoto wanne, wanaume watatu. Na sasa mke wangu arudi ujana mikononi mwangu. Hata ule moto wote nimeuelewa. Udongo huwaka kabla ya mvua. Nikamwambia si waume wote wawezao kumrudisha mke ujana, Nana, ni mimi.

Yeye hakucheka. Alikuwa ameshika birika tupu.

Shaabani 12

Nimemnunulia leso mpya, ya rangi ya zambarau. Ameikunja, ameiweka sandukuni.

Shaabani 14

Barazani Kamaludin akaniuliza, "Bwana Gharib, mbona ndevu umezitia hina? Waoa?"

"Kwangu sina haja ya kuoa. Shamba langu limenyeshewa."

Wakacheka wote. Kamaludin akasema, "Mchoma chokaa mzee ataka kuchoma nini tena?" Nami nikacheka zaidi yao. Sikusema neno jingine. Mwenye akili ataelewa.

Jina nimelichagua. Abdulqadir, jina la babu yangu. Sijamwambia mtu.

Shaabani 16

Ada imekatika. Hilo ni sawa, ndivyo zilivyo ada.

Shaabani 27

Nimewasha tanuu. Mawingu yapo ila ya mbali, upande wa Kiunga.

Ramadhani 1

Mwezi umeandama. Ada ya Nana imeandama nao.

Ramadhani 2

Mvua. Nimefunika tanuu kwa makuti.

Ramadhani 5

Nana ala uji jikoni, ameuelekeza uso ukutani. Wenzake wa umri wake wafunga mwezi mzima pasi na kuacha hata siku moja, hilo ndilo tuzo la uzee wa mwanamke. Yeye ala mtana kama mwari. Namuona namshukuru Mngu. Yeye akiniona huficha bakuli.

Ramadhani 6

Mvua kutwa. Tanuu limekunywa mai. Mawe ya nje yamepasuka yakawa uji, ya ndani mabichi kama yalivyotoka baharini. Kazi yote hiyo. Nalisimama pale na makuti mkononi. Kamaludin akaja, hakusema "nalikwambia". Akakamata ncha ya pili ya kuti tukafunika kilichobaki. Mtu huyu nilidhani namjua.

Ramadhani 9

Haijakatika. Nana amekonda mikono.

Ramadhani 13

Mvua. Haijakatika.

Ramadhani 16

Yeo Nana amenikalia mbele ya mlango nisitoke.

"Nenda kwa Maalim Jeilani umuulize. Zimepita siku kumi na tano na damu ipo. Kama hii ni ada, nimeacha sala na saumu kwa haki yangu. Kama si ada, nimeiba Ramadhani ya Mngu."

"Muulize mkewe, weye."

"Mkewe akijua, Shela yote imejua. Kisha wewe ndiwe mume. Nenda, Gharib. Sijasujudu tangu mwezi kuandama."

Nikamwambia nitakwenda. Nikaenda nikatizama tanuu.

Ramadhani 17

Sikwenda.

Ramadhani 18

Nimekwenda. Nilingoja darasa la alasiri limalizike, watu watoke. Maalim Jeilani ni kijana kwangu, nalimuona akipakatwa, lakini kitabu yuakijua. Nikamwambia kuna mtu kisiwani Ndau, mkewe alikatikiwa, kisha damu ikarudi, sasa haikomi, naye huyo mtu ataka kujua sala yake na saumu yake.

"Mkewe ana umri gani, huyo mtu wa Ndau?"

"Kama wa Nana."

Akanitizama kidogo. Kisha akasema, "Jawabu lina nusu mbili, Bwana Gharib. Nusu ya kwanza ni ya kitabu. Damu ikizidi siku kumi na tano si hedhi. Ni damu ya maradhi. Mwanamke aoge, ajifunge vizuri, asali. Saumu yake yasihi, na siku alizokula atalipa mbele. Umenifahamu?"

"Nimekufahamu."

"Nusu ya pili si ya kitabu peke yake. Huyo ni mgonjwa. Mgonjwa Mngu hakumlazimisha kufunga, na wala hakumlazimisha kukaa ndani. Apelekwe kwa daktari. Kama hakuna mwanamke wa kumtizama, atamtizama mwanamume, hiyo ni dharura, na mumewe asiwe kizuizi. Mwambie kwa jina langu. Mwambie asingoje Idi."

Nilirudi kwa ndia ya nyuma, nyumba hata nyumba, ndia fupi nikaifanya ndefu. Nana alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Nikamwambia, "Maalim asema oga, usali, ufunge."

Akaushika mkono wangu akaubusu. Akaniombea dua mimi na wazee wangu. Kisha nikamsikia chooni akijimwagia mai, na sauti yake akitia nia.

Sikusema uongo. Naandika hapa, sikusema uongo. Kila neno nililosema Maalim alilisema.

Ramadhani 19

Amefunga. Amesali rakaa zote za tarawehe kwa kusimama.

Nawaza hivi. Daktari akisema ni maradhi, basi ni maradhi, na Abdulqadir ameondoka. Asiposema, yupo. Huenda damu hii ni ya kusafisha ndia. Wanawake wana mambo, na madaktari ni watu kama sisi.

Ramadhani 20

Amefunga. Mvua.

Ramadhani 21

Amefunga. Tuliposhika tende kufuturu yake ilimponyoka, akaifuata tini kwa mkono, mkono haukufika. Nikamwokotea.

Ramadhani 22

Baada ya tarawehe Maalim alinishika bega. "Yule mtu wa Ndau, amempeleka?"

"Amempeleka," nikasema.

Jana ningeweza kuandika sijasema uongo. Yeo sina la kuandika.

Kamaludin tulifuatana ndiani. Akasema mkewe amemuona Nana dirishani, amekonda. Nikamwambia ni saumu. Tulipofika kwenye kisima akasema, "Marehemu mke wangu wa kwanza, Mwanamkisi, nalimpeleka kwa mganga Siyu. Safari ya mashua, mtana kutwa, naye mgonjwa. Kwa nini Siyu? Kwa kuwa Amu ni karibu mno. Nalionea haya kukutana ndiani na watu ninaowajua." Akafungua mlango wake akaingia.

Mtu huyu sitamsomea daftari hili. Ataelewa kila kitu.

Ramadhani 24

Nitaandika yote, hata mkono ukiuma.

Adhuhuri Nana alikwenda kuteka mai ya udhu. Nikasikia ndoo ikigonga ukuta wa kisima mara nyingi, kisha ikanyamaza. Nalimkuta amelala ubavu, kamba imemzunguka mkono, na nyuma ya leso yake imelowa. Nikambeba. Mimi niliyekuwa nikibeba gunia la chokaa kila bega, nilijiandaa kwa uzito, nikainuka haraka mno. Hakuna kitu pale. Nalibeba nguo.

Nikatuma mtu Amu, na Alawiya akafika alasiri, buibui limelowa mvua. Akaingia chumbani akafunga mlango. Alipotoka alishika matambara.

"Baba, hii ni damu ya tangu lini?"

Kabla sijajibu Nana akasema kutoka kitandani, "Usimgombeze babako. Amekwenda kwa Maalim akaniulizia. Nimeruhusiwa kufunga."

"Maalim Jeilani? Amesikia hali hii akasema ufunge, basi?"

"Amesema hivyo."

"Baba," Alawiya akasema, "alisema hivyo?"

Kuku walikuwa wakikwaruza uani. Nalitaka waendelee. Nikasema, "Ilikuwapo nusu nyingine."

"Nusu gani?"

Nikawaambia. Mgonjwa, daktari, dharura, asingoje Idi. Nalisema nimetizama mkeka. Nilipoinua uso Alawiya alikuwa analia na Nana halii.

"Uliificha kwa nini, Gharib?"

"Kwa ajili ya Abdulqadir."

"Abdulqadir ni nani?"

Ndipo nilipokumbuka kuwa sikupata kumwambia. Nimemlea mtoto huyo peke yangu, nimempa jina la babu yangu, nimempangia kazi, hata Kamaludin nilikuwa nimemshinda kwaye, na mamake hakuwa na habari. Nikamwambia. Ilinichukua muda, maneno yalikataa kutoka kwa mpango.

Nana akafumba mato. Akasema, "Nalijua tangu Shaabani si mtoto. Mwanamke hajui? Nalikuwa nakungoja wewe ujue. Nikienda bila ruhusa yako ungesema nimekuvunjia uso. Nikasema nitakungoja." Kisha akasema, "Sasa nipeleke."

Ramadhani 25

Kutembea hawezi. Tulimtia mashuani, amelala juu ya godoro, tumemfunika turubali kwa mvua. Watu wa forodhani Amu waliniamkia nikaitikia. Hakuna aliyeuliza kitu. Haya niliyoiogopa maisha yangu yote ilikuwa hiyo tu, watu watatu kusema salamu aleikum.

Bi Hindu mkunga alimtizama kwanza. Akatoka, akasema na daktari kwa sauti ndogo, na daktari akaja kwangu. Mhindi, kijana, ana miwani. Akaniomba ruhusa. Mimi, kwa adabu kabisa, akaniomba. Nikaitikia kwa kichwa. Alawiya akaingia nao. Nikakaa nje kwenye benchi nikasikia vyombo vya chuma na mai.

Alipotoka akakaa kando yangu, hakusimama. Akasema kuna uvimbe mahali alipochukua watoto, na si mdogo. Akasema joto lile la mwanzo ni la umri, halina dhambi, wanawake wote hulipata. Lakini damu kurudi baada ya kukatika, hiyo ni ya kukimbilia siku ile ile. Mombasa wapo wakubwa wake, wanaweza kujaribu. Hakuahidi.

Nikamuuliza, "Ningemleta Shaabani?"

"Mzee, sijui."

"Niambie, mwanangu. Mimi mchoma chokaa, maneno ya moto nimezoea."

Akavua miwani, akaipangusa kwa kanzu yake nyeupe. "Huenda ningekuwa na la kusema jingine," akasema. Bora angenitukana.

Ramadhani 26

Nimeamrisha aende Mombasa. Nana asema hapana.

"Nikafe kati ya watu wasionijua, mnirudishe kwenye stima pamoja na magunia? Nirudisheni Shela."

"Nasema utakwenda."

"Ulisema vingi, Gharib." Hakusema kwa ukali. Akageukia ukutani akalala.

Maisha yangu yote nikiamrisha. Watu wa tanuu, mke, mtoto. Yeo neno limetoka likaanguka miguuni pangu, hakuna aliyeliokota.

Idi

Mvua. Tumemrudisha Shela. Alawiya alipika. Nana alivaa leso ya zambarau, kwa mara ya kwanza.

Mfungo Mosi 3

Ameanza kulipa. Siku alizokula mwanzo wa Ramadhani, asema, ni deni, hataki kwenda nalo. Daktari alimpa dawa ya maumivu, hainywi mtana. Nimemkataza kufunga. Amefunga.

Mfungo Mosi 4

Amefunga.

Mfungo Mosi 5

Amefunga. Midomo imepasuka. Alawiya alimshikia kikombe, akakiondoa kwa kidole kimoja.

Mfungo Mosi 6

Nimemwendea Maalim Jeilani. Sikumtaja mtu wa Ndau. Nikasema, "Ni mimi." Akasema, "Najua, Bwana Gharib. Nalijua siku ile." Hakunilaumu. Afadhali wangekuwa na ukali watu hawa.

Akanifahamisha. Mgonjwa asiyetarajiwa kupona halipi saumu. Atolewe fidya, kila siku kibaba kimoja cha mtele kwa maskini, na deni lake limekwisha mbele ya Mngu. Mimi mumewe naweza kumtolea. "Toa yeo," akasema, "umpumzishe."

Mtele ninao. Sikutoa.

Mfungo Mosi 7

Amefunga. Mvua imepungua.

Sikumwambia jawabu la Maalim. Hii mara ya pili. Lakini mara hii naandika kwa nini, nisijidanganye. Kibaba si kizito. Ila maneno yale, asiyetarajiwa kupona. Nikipima nimesema. Kila atakayeniona na kapu la mtele baada ya Idi atafahamu nimemkatia tamaa Nana, mimi, kwa mkono wangu. Asipopimiwa, kuna mtu mmoja Shela ambaye bado atarajia.

Na huyo mmoja kutarajia kwake kwamuua Nana kwa kiu.

Mfungo Mosi 8

Asubuhi Nana akaniita. Sauti imekuwa ndogo, nikainama.

"Gharib, nimechoka. Lakini siwezi kuacha. Ulikwenda kwa Maalim juzi, Alawiya kaniambia. Alisema nini?"

Nikakaa kando ya kitanda.

"Neno kwa neno," akasema.

Nikamwambia. Kibaba kimoja kila siku. Mume aweza kutoa. Deni hukwisha. Nikafika palipobaki, nikasema na hilo, mato yangu katika mato yake. Nikasema, fidya ni ya mgonjwa asiyetarajiwa kupona.

"Basi nipimie," akasema.

Nilipima sebuleni, mlango wazi, kibaba kwa kila siku ya deni. Sikukitikisa kibaba kikajishindilia, wala sikukipunguza, nalikijaza mpaka mtele ukamwagika pembeni, nikausawazisha kwa kiganja. Kiganja changu kimeungua mara nyingi hata hakisikii kitu, lakini yeo nalisikia kila punje. Nilipotoka na kapu, barazani wakalitizama. Wamefahamu. Kamaludin akainuka, akashika mkono wa pili wa kapu, tukenda nalo mpaka kwa mjane Barka nyuma ya msikiti.

Nilipoingia Alawiya alikuwa amemuinua Nana kwenye mito. Nikamwambia mtele umefika. Akaitikia kwa kichwa, kisha akaomba uji. Saa nne ya mtana, na mlango u wazi, akala mbele yangu vijiko viwili, hakuelekea ukutani.